Kijana Akitimiza Miaka 18, Nani Atamsemea?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, nyumba nyingi za wakulima wa pamba wa Shinyanga na Kahama, na za wachimbaji wadogo wa Geita, Mbogwe na Bukombe, huingia katika pilikapilika za aina moja. Ng'ombe hupelekwa mnadani. Cheti cha kuzaliwa hutafutwa sandukuni na kupelekwa kuhakikiwa. Fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujazwa, mdhamini akatia sahihi, uongozi wa kijiji ukapiga muhuri. Kisha kijana hupanda basi la Dodoma, la Dar es Salaam au la Mwanza, na wazazi hurudi shambani wakiamini kwamba kila lililopasa kutengenezwa limekwisha kutengenezwa.

Limebaki moja. Nani, kwa mujibu wa sheria, atasema kwa niaba ya kijana huyo siku atakaposhindwa kusema mwenyewe?

Mzazi atajibu upesi: "Mimi niliyemzaa." Jibu hilo ni la haki kwa mila, na hata kwa sheria ni la kweli, lakini hadi siku moja tu. Kwa sheria za Tanzania Bara mtu huwa mtu mzima atimizapo miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto yule aliye chini ya umri huo. Kabla ya siku hiyo baba, mama au mlezi hutia sahihi, hudai, hukubali na hukataa kwa ajili ya mtoto. Baada ya siku hiyo mkopo wa masomo ni deni la kijana mwenyewe. Akaunti ya benki ni yake. Laini ya simu, iliyosajiliwa kwa alama za vidole kama ilivyolazimishwa nchi nzima kufikia Januari 2020, inakitambua kidole chake peke yake. Na habari za ugonjwa wake ni siri kati yake na daktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, imeziweka habari za afya miongoni mwa zile zinazotaka hifadhi ya pekee. Karani anayekataa kumsomea mzazi kwa simu maandishi ya daktari si mkatili. Anatimiza wajibu wake.

Hapana budi kukiri kwamba mambo mengi hupita bila taabu. Daktari hawezi kumwacha mgonjwa wa dharura afe kwa kungoja sahihi, na baba aliyesafiri usiku kucha akafika wodini na kofia mkononi kwa kawaida husikilizwa. Taabu huanza siku ya tatu au ya nne, yanapokuja mambo ya fedha, ya hati na ya ofisi.

Chukulieni kijana wa miaka 20, mwaka wa pili chuoni Dodoma, aliyegongwa na pikipiki na kulazwa akiwa hajitambui. Ada ya muhula imo katika akaunti yake. Sehemu ya mkopo wa kujikimu imekwisha kuingia. Katika simu yake zimo shilingi laki nne alizotumiwa na mjomba wake baada ya mauzo ya pamba. Nyumbani ana hisa chache katika chama cha msingi na shamba la ekari mbili alilogawiwa na babu yake. Baba anafika. Hospitali inataka fedha. Fedha zipo, tena ni za mgonjwa mwenyewe, lakini hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuzitoa. Chuo kinataka ombi la kuahirisha masomo, nalo kwa kawaida huandikwa na mwanafunzi. Jirani anataka kulikodi lile shamba kwa msimu, na hakuna wa kupatana naye. Baba anarudi kijijini kuuza ng'ombe wa pili. Hakumuuza kwa sababu ya ufukara. Amemuuza kwa kukosa karatasi.

Wako watakaosema kwamba wenzake wa chumbani waijua namba yake ya siri. Huenda wanaijua, na huenda wakatoa fedha kwa nia njema kabisa. Lakini anayetoa fedha za mwenziwe bila idhini hana la kujibu siku hesabu zitakapoulizwa, na ugomvi wa namna hiyo umekwisha kuzitenganisha nyumba zilizokuwa zikila pamoja. Msaada uliotolewa kwa njia ya mlango wa nyuma humwacha msaidizi mwenyewe katika hatari.

Si jambo la watu wachache wenye bahati mbaya. Ajali za barabarani kila mwanachama anazijua. Malaria kali ikipanda kichwani humpoteza mtu fahamu kwa siku kadhaa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu, na ugonjwa huo waweza kumletea kijana kiharusi mapema kuliko watu wanavyodhani. Magonjwa makubwa ya akili nayo hayangoji uzee. Mara nyingi huanza katika miaka ya mwisho ya ujana na mwanzoni mwa ile ya ishirini, yaani katika miaka ile ile ya chuo, mbali na macho ya mama. Aidha, katika ukanda wa dhahabu vijana wengi huingia machimboni wakati wa kungoja chuo kufunguliwa, ili wapate nauli na godoro. Huko kuna duara zinazoporomoka, na kuna zebaki, ambayo hudhuru mishipa ya fahamu polepole, bila kelele.

Wazee wengine hawapendi mazungumzo haya. Husema kuitaja balaa ni kuifungulia mlango. Hisia hiyo yastahili heshima, wala haifai katibu aibishane na mzee wa watu mbele ya mkutano. Lakini wazee hao hao huweka akiba ya mtama na uwele kabla ya ukame kuonekana, na hakuna anayesema kwamba ghala ndilo lililoleta njaa.

Liko tukio moja la mkoa wa Shinyanga linaloonyesha sheria ilivyo kuliko maelezo marefu. Mapema mwezi wa Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka. Baadhi ya waliofukiwa waliokolewa mapema. Wengine hawakuonekana, na watu wengi wakawahesabu kuwa wamekufa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa hai. Walikuwa wameishi gizani kwa kula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyokuwa yakidondoka. Mwenzao mmoja alifia chini.

Kwa siku zote zile 41, mbele ya sheria, watu wale watano walikuwa hai na wenye akili timamu, ila hawakuweza kufikiwa. Hakuna aliyeweza kuomba mirathi yao kwa haki, maana mtu aliye hai harithiwi. Wala hakuna aliyeweza kuuza, kukusanya deni au kulipa kwa jina lao, kwa kuwa wao wenyewe hawakuwapo kutoa idhini. Lakini kama mmoja wao angalikuwa ametia sahihi hati ya uwakilishi kabla ya kushuka shimoni, na hati ile ikamtaja mkewe au nduguye, mwakilishi huyo angalikuwa na nguvu halali kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho, ingawa mwenye hati alikuwa chini ya ardhi.

Sasa tofauti yenyewe. Yule kijana wa Dodoma aliyelala kitandani, anayeonekana kwa macho na kushikwa mkono na mama yake, yumo katika hali ngumu zaidi kisheria kuliko wale waliokuwa chini ya mwamba. Sheria ya Mikataba, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, inasema kwamba uwakala hukoma mmoja wa wahusika anapokufa au anapopoteza akili timamu. Maana yake ni kwamba hati ya kawaida ya uwakilishi humfaa mtu aliye mbali, aliyevunjika miguu, aliyefungwa gerezani, aliye shimoni au aliye masomoni ng'ambo. Lakini akili ya aliyeitoa ikiondoka, hati nayo yaondoka. Mwavuli unafungwa wakati ule ule mvua inapoanza kunyesha.

Mataifa mengine yaliliona pengo hilo yakaliziba. Jimbo la Virginia huko Marekani lilianza katika miaka ya 1950 kuruhusu hati inayoendelea kuwa na nguvu hata baada ya mtoaji kupotewa na akili, na majimbo mengine yakafuata; leo si ajabu kwa familia ya Kimarekani kumtaka kijana wa miaka 18 atie sahihi hati hiyo kabla ya kwenda chuoni, pamoja na nyingine ya kuwaruhusu madaktari wazungumze na wazazi. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1985 na kuitengeneza upya mwaka 2005. Mwanachama atakayeletewa karatasi ya namna hiyo iliyonakiliwa kutoka nchi za nje asidhani kwamba amemaliza kazi. Maneno ya kwamba hati "itadumu hata nikipoteza akili" hayaibadili Sheria ya Mikataba kwa sababu tu yameandikwa kwa wino mzuri.

Basi hati ina faida gani? Ina faida kubwa, mradi ijulikane mpaka wake. Siku nyingi za ugonjwa wa kijana si siku za kupotewa na akili. Mwenye mguu uliofungwa plasta, mwenye kifua kikuu aliyelazwa, mama kijana aliyejifungua kwa upasuaji, wote wana akili zao kamili lakini hawawezi kwenda benki wala kupanga foleni kwa msajili wa chuo. Hao hati huwafaa. Na hata uwakala ukikoma kwa sababu ya akili kupotea, sheria hiyo hiyo humtaka aliyekuwa mwakilishi achukue hatua za busara kulinda mali aliyokabidhiwa. Hawezi kuuza shamba, lakini hatalaumiwa kwa kulizuia lisivamiwe.

Kwa yale yasiyofikiwa na hati, njia iliyopo ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inawapa ndugu njia ya kuiomba mahakama imchunguze mtu aliyepatwa na maradhi ya akili, kwa msaada wa ushahidi wa daktari, na kumteua mtu wa kusimamia mali yake. Atakayeteuliwa anawajibika kwa mahakama. Mali si yake. Njia hiyo ni halali lakini si fupi. Inataka maandishi ya hospitali, safari na ushahidi, na ndugu wakiwa wamegawanyika itachukua muda zaidi. Wale wasioweza kumlipa wakili wawatafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao haina malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwa inajua walipo. Katibu wa chama yafaa awe na majina yao ukutani kabla hajaulizwa.

Hapo ndipo karatasi nyingine, ambayo si hati ya uwakilishi, inapokuwa na thamani. Kijana mwenye akili timamu aandike leo, kwa mkono wake na mbele ya mashahidi, kwamba akipatwa na maradhi ya kumwondolea uwezo wa kuamua, angependa mtu fulani asimamie mambo yake, na angependa au asingependa mambo fulani afanyiwe hospitalini. Karatasi hiyo haimlazimishi hakimu wala daktari. Lakini hakimu aliyekaa mbele ya baba upande huu na wajomba upande ule atafurahi kuisikia sauti ya mwenye mali, na daktari aliyezungukwa na ndugu kumi wenye maneno kumi atajua aongee na nani. Ndani ya karatasi hiyo kijana aweza pia kutoa ruhusa ya wazi kwamba daktari na chuo wampe mtu aliyetajwa habari zake za afya na za masomo. Sentensi hiyo moja, pamoja na sahihi, huondoa nusu ya mahangaiko ya mzazi aliye kilomita mia tano na zaidi kutoka chuoni.

Nani achaguliwe? Hapa wazazi wavumilie kuambiwa neno gumu kidogo. Karatasi ni ya kijana, wala haiandikwi na baba kisha kijana akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Aliyelazimishwa hakukubali, na hati iliyopatikana kwa shuruti yaweza kubatilishwa. Mara nyingi atamchagua baba au mama, na ni vyema. Lakini huenda baba hajui kusoma mikataba, au anasafiri na mifugo miezi mingi. Huenda shangazi aliye mwalimu mjini Shinyanga ndiye anayefaa zaidi. Msichana aliyekwisha kutolewa barua ya posa afikiri vizuri kabla ya kuandika jina la mchumba. Yafaa pia kutaja mtu wa pili, endapo wa kwanza hayupo, na kuandika mipaka: atoe fedha za matibabu na ada, asiuze ardhi, asikope kwa jina la mwenye hati. Hati isiyo na mipaka ni sawa na kumwachia mtu ufunguo wa ghala pamoja na mizani.

Katibu wa chama asikubali kutajwa kuwa mwakilishi wa mwanachama, hata akiombwa kwa heshima. Yeye ndiye anayeandika malipo. Hawezi tena kuwa ndiye anayeyapokea. Kazi yake ni kushuhudia kwamba aliyetia sahihi ndiye mwenyewe, kuhifadhi nakala ndani ya bahasha iliyofungwa, na kuandika katika daftari tarehe ya kuipokea na jina la aliyeileta.

Kuhusu utengenezaji wenyewe, hati ya uwakilishi hutiwa sahihi mbele ya wakili, hakimu au kamishna wa viapo, na hulipiwa ushuru wa stempu. Ikigusa ardhi yenye hati, yapaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ikigusa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ijulishwe mapema. Nakala moja ibaki nyumbani, moja kwa mwakilishi, moja kijana aende nayo.

Jambo moja dogo huharibu kazi kubwa katika sehemu hizi, nalo ni majina. Majina ya Kisukuma yenye ng' huandikwa kwa namna tatu au nne. Kialama hudondoka katika mashine ya benki, kikarudi katika kitambulisho cha taifa, kikapotea tena katika cheti cha shule. Vilevile mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na kijana wa Bukombe au Mbogwe aliyezaliwa kabla ya hapo ana cheti kinachosema Shinyanga, yule wa Chato kinasema Kagera, na wa Nyang'hwale Mwanza. Hilo la mkoa halina ubaya. La jina lirekebishwe kwa kiapo mapema, maana ofisi inayotafuta sababu ya kukataa haikosi kuiona herufi moja.

Kuhusu fedha, njia rahisi ni ya kizamani. Kijana na mzazi wafungue akaunti ya pamoja kwa ajili ya ada na matibabu tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kutoa, na akaunti ya kijana ya matumizi yake ibaki yake. Waiulize benki au SACCOS kabla ya kufungua masharti yake ni yapi endapo mmoja atapotewa na fahamu, kwa kuwa masharti hayafanani. Nao mzazi na kijana waelewane tangu mwanzo kwamba akaunti hiyo haitumiki kununulia mbolea.

Liko pia jambo linalovihusu vyama vyenyewe. Fomu za uanachama katika vyama vingi humtaka mwanachama ataje mtu wa kupewa hisa na akiba zake akifa. Mwanachama huandika jina, hutia sahihi, na huondoka akidhani kwamba amepanga mambo yake yote. Lakini aliyetajwa pale hana haki yoyote mwanachama akiwa hai, hata kama mwanachama huyo amelala miezi sita bila kumtambua mtu. Malipo ya pamba yataingia katika jina lake na kukaa. Akiba itakaa. Mkopo wake, kama anao, utaendelea kudaiwa.

Bodi ya chama yaweza kulipeleka suala hili katika mkutano mkuu, na mkutano ukaamua kuongeza katika masharti ya chama utaratibu wa mwanachama aliyeugua: nani ajulishwe, kwa ushahidi gani wa hospitali, na kama marejesho ya mkopo yatasimamishwa kwa muda gani wakati ndugu wanaifuata mahakama. Badiliko la masharti halina nguvu mpaka lisajiliwe na Mrajis, kwa hiyo vyama vinavyotaka kuwa tayari kabla ya msimu wa kuuza vianze mapema. Wakati wa kungojea, hakuna kinachomzuia katibu kuchapa chini ya jina la mrithi mstari mmoja mtupu, wenye maneno haya: "Nikiugua nisiweze kujieleza, chama kimjulishe ndugu huyu." Mstari huo haumpi mtu huyo fedha. Unampa habari siku ile ile, badala ya kuzipata mwezi wa tatu kwa njia ya msafiri.